Mwisho Wetu ni Darajani

Shangazi yangu ana ugomvi na daraja. Si daraja lenyewe, maskini, hilo limekaa pale juu ya mtaa wetu na halijamkosea mtu. Ugomvi wake ni na wauzaji wa mtandaoni wanaoandika chini ya kila tangazo: "Mwisho wetu ni darajani." Maana yake sisi tunaokaa bondeni, ng'ambo ya daraja, tukinunua hata kijiko cha chai lazima tupande ngazi themanini na mbili tukakipokee huko juu, utadhani kijiko kikishuka huku kitapata upele.

Ukiwauliza sababu, huyu atakwambia njia mbovu, yule atakwambia mbwa wakali. Mbwa tunaye mmoja, mzee, anabweka pale anapokumbuka.

Basi mtaa umejipangia utaratibu wake. Juu kabisa ya ngazi kuna kibanda cha fundi wa miavuli, na kibanda hicho ndicho posta yetu. Wenye pikipiki huacha mizigo hapo, yeye huipanga kati ya miavuli iliyovunjika mbavu, kisha hukupigia simu: "Njoo, chako kimefika, na kinanukia." Hakuna anayejua mambo yetu kama yeye.

Siku Shangazi aliponunua pasi nzito ya kazini akaambiwa akaichukue darajani, aliipakata ngazi zote themanini na mbili huku akila kiapo. "Siku nikifungua duka langu mimi, nitampelekea mtu mzigo hadi chini ya kitanda!"

Duka alilifungua mwaka jana. Miaka thelathini amekuwa fundi cherehani wa mtaa, kazi yake zipu zilizokatika na sare za shule. Mimi ninayekaa naye ndiye niliyemshawishi ashone mapazia tuyauze mtandaoni. Duka tukaliita Dirisha Safi, tukalinunulia laini yake ya simu ambayo mtaani haijulikani, na tangazo nikaliandika mimi.

Hapa lazima nikiri. Kazi yangu ni kutoa fotokopi. Miaka kumi na miwili napokea karatasi upande huu natoa mbili upande ule bila kusoma hata mstari, maana nikianza kusoma talaka za watu nitapandwa na presha. Kwa hiyo nilichukua tangazo la muuzaji mmoja wa shuka, mwenye wateja kama siafu, nikafuta "shuka" nikaweka "mapazia", nikalirusha. Mstari wa mwisho ukabaki vilevile: Mwisho wetu ni darajani.

Tuligundua baada ya wiki mbili. Shangazi alivaa miwani, akasoma, akaivua akaifuta, akasoma tena.

"Yaani mimi siwezi kujiletea mwenyewe?"

Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikachukua simu niufute ule mstari, naye akanishika mkono. "Hebu subiri kwanza. Wateja wanadhani tunakaa juu."

Kweli walidhani, na walikuwa wakinunua. Tukauacha. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Niliona aibu, sikatai, ila ilikuwa aibu yenye wateja, na hiyo hubebeka.

Sasa jirani yetu. Ni mwalimu mstaafu, mjane, goti lake la kushoto limemshinda. Ukuta mmoja ndio unaotutenganisha naye. Kuna mwaka alianguka bafuni, akalala sakafuni nusu siku bila mtu kujua. Tangu hapo kila asubuhi hugonga ukuta kwa kijiko mara mbili: nimeamka. Shangazi hujibu mara mbili: hata mimi. Hadi siku hizo hawakuwahi kuikosa hata asubuhi moja, na Shangazi hagusi chai kabla ukuta haujagongwa.

Jumatatu moja ujumbe ukaingia kwenye simu ya duka. "Habari. Nahitaji mapazia ya sebuleni kabla ya Jumamosi, mwanangu ananiletea mchumba wake. Najua hamvuki daraja, nitapanda mwenyewe." Chini yake vipimo, na jina: Mwalimu.

Shangazi alikaa chini. "Ananipita mimi hapa mlangoni, anakwenda kununua kwa... mimi?"

"Mwambie basi," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba ni mimi niliyeandika sivuki kuja kwake?"

Akakata kitambaa. Na hapo ndipo pagumu. Nyumba zetu zilijengwa na fundi mmoja, Mungu amsamehe, na madirisha yake yote yamepinda. Bomba la pazia upande wa kulia limekaa juu kwa vidole vitatu. Pazia lililokatwa sawa, ukilitundika kwetu, linaonekana kama suruali iliyokunjwa mguu mmoja. Mwalimu katika vipimo vyake hakutaja kupinda. Pengine alisahau, pengine aliona haya kuwaambia watu wa juu.

"Kata sawa, Shangazi. Ukikata upande atajua."

"Na mkamwana aje akute pazia limening'inia hivyo? Kwanza hatajua. Nani anapima pindo?"

Akalishona kwa mshazari, kipande cha kulia kikazidi vidole vitatu.

Ijumaa nikaupandisha mzigo kwa fundi wa miavuli nikienda kazini. Aliupokea akinitazama kwa jicho la pembeni. "Unapanda asubuhi, unashuka jioni. Mzigo huu una matembezi," akasema. Jioni mimi na Shangazi tulikuwa mlangoni, Mwalimu alipotokea chini ya ngazi, mzigo kichwani, mkono mmoja ukutani, akishusha mguu mmoja kisha akiufuata kwa mwingine.

"Pole na mzigo, jirani," Shangazi akasema.

"Ahsante. Mapazia hayo, kutoka juu," Mwalimu akajibu bila kumtazama, maana naye alikuwa na lake moyoni.

Jumamosi Shangazi alibandika sikio ukutani mchana kutwa. Mkamwana aliyasifu. "Mama, mapazia yamekaa!" Shangazi akatabasamu peke yake kama bibi harusi.

Jumapili ukuta haukugongwa.

Shangazi alitaka kukimbilia kule, lakini tukasikia ufagio. Alikuwa mzima. Jumatatu pia kimya, na chai ikapoa kikombeni. Jioni yake Mwalimu alikuja mwenyewe, akasimama kizingitini, akakataa kiti.

"Nina swali. Huyo mtu wa juu, aliyejua kwamba dirisha langu limepinda, alilipimia wapi?"

Shangazi akaivua futi shingoni, akaificha nyuma yake.

"Ngazi themanini na mbili, jirani. Kwa goti hili. Kufuata kitu kilichoshonwa nyuma ya ukuta wa kitanda changu. Na ukaniambia pole."

"Niliona aibu, Mwalimu."

"Na mimi niliona kwamba mapazia mazuri ni ya watu wa juu, nikakupita mlangoni na kukuficha. Kwa hilo nisamehe." Akashika mlango. "Lakini mimi sikukuandika kwenye tangazo."

Akaondoka polepole. Shangazi alilia, na mimi niliyenakili bila kusoma nikatafuta pa kuweka uso. Kisha akajipangusa, akaniomba simu, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: "Tunakaa ng'ambo ya daraja. Huku tunaleta hadi mlangoni. Nyie wa juu, mwisho wetu ni darajani."

Wateja wawili wakavunja oda kabla hatujalala. "Waende," Shangazi akasema. Lakini mimi namjua, hakuwa akiwawaza wao.

Jumanne kimya. Jumatano kulipopambazuka alikuwa amekaa kitandani, kikombe mkononi, macho ukutani, na mimi nikijifanya natafuta kiatu. Simu ya duka ikalia. Alisoma, akanipa nisome na mimi, safari hii neno kwa neno:

"Nahitaji pazia moja la jikoni. Ng'ambo ya daraja, mlango unaofuata. Vipimo unavyo."

Shangazi akachomoa kijiko kwenye chai. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwa wa kwanza. Akagonga ukuta mara mbili, akasubiri, kijiko kikidondosha chai kwenye shuka.

Ukuta ukajibu mara tatu.

"Ya tatu ni ya nini?" nikauliza.

"Ya goti," Shangazi akasema, tayari akitafuta viatu na futi yake ya kupimia, ingawa vipimo alikuwa navyo.