Machozi ya Chozi Yaliishia Studioni

Saa mbili asubuhi, afisa wa ubalozi yuko peke yake kwenye chumba cha mikutano. Anakalia kiti, anatazama mlango, anahamia kingine. Anataka kujua mgeni wa kikao cha leo atakutana na uso wa nani kwanza akiinua macho.

"Mzee, vyote umevikalia, sisi tusimame?" mhudumu wa chai anamtania akiingia.

Anacheka kidogo. Ubalozi mzima, ni huyu tu anayethubutu kumtania.

Wa rika lake wanamkumbuka kama Chozi, yule mtoto wa mchezo wa televisheni aliyelia akiambiwa tu lia, watu wazima wakatafuta leso. Alipokua alisoma, akaingia wizarani, na tangu hapo maisha yake ni masanduku na nyumba za kupanga. Mkewe alichoka kuhamahama, akabaki nyumbani, kisha akabaki moja kwa moja.

Machozi yale yalikuwa na siri.

"Mwelekezaji aliniambia nifumbe macho, nimwone mama amekufa," anasema. "Basi nikawa namuua mama kila siku. Jioni namkuta jikoni, mzima, ananiuliza, 'Mwanangu, leo wamekulisha?'"

Mwaka juzi mama alifariki kweli. Yeye akapanda ndege, akasimama kaburini, dada yake akiwa kando yake. Macho makavu. Watu wakaanza kumtazama.

"Nikafumba macho kama zamani. Hebu fikiria, najaribu kumwona mama amekufa, na mama yuko pale mbele yangu."

Machozi yakaja. Lakini dada ndiye aliyekuwa akimpeleka studio enzi hizo, na sura ile aliijua.

"Hata leo unaigiza?" alimuuliza, mbele za watu. Hawakuongea tena.

Kila Jumapili humpigia dada. Simu inaita mpaka inakatika. Kazini wanamsifu kwamba hata kikao kichafuke vipi, uso wake haubadiliki. Sifa hiyo inamuuma, ingawa huipokea kwa adabu.

Mwezi uliopita alipewa kituo kingine cha kazi, kizuri. Akakataa. Anarudi nyumbani, kwenye nyumba ya mama anakoishi dada.

"Sijaandaa la kusema," anasema mtu huyu anayeandaa hata viti. "Akitaka kunifukuza, anifukuze nikiwa jikoni."

Alimwandikia dada kwamba anakuja. Juzi akajibiwa: "Usije na suti."

Amefungua kabati, amekuta suti tupu. Jumamosi anakwenda kununua shati, na amemwomba mhudumu wa chai amsindikize kulichagua.