Pumzi ya Mwalewa

Kwao Msambweni, mpiga zumari anayekatikiwa na pumzi katikati ya wimbo huchekwa hata na watoto. Mashavu yasukume hewa huku pua ikivuta nyingine, sauti isikatike. Baba yake Mwalewa alimfundisha hivyo mpaka akaiva. Alipokwenda kufanya kazi Jeddah, Saudia, alizipamba harusi za wenzake wa mtaa wa Bani Malik, majirani wakigonga ukuta kutaka kelele ziishe. Kisha kafili, mwajiri aliyemdhamini, akamhamishia Riyadh kukata marumaru kwa mashine. Alipoomba barakoa ya kuzuia vumbi aliambiwa mafi, hakuna. Watu wa nyumbani akawaambia anaendesha gari la bosi.

Siku dada yake alipoolewa, Mwalewa aliketi kitandani chumbani kwake mtaani Batha, Riyadh, akalowesha mdomoni ulimi wa ukuti unaotoa sauti, akauchomeka kwenye zumari na kupiga mbele ya simu. Kule harusini simu iliwekwa kwenye kipaza sauti, vigelegele vikapanda. Kabla wimbo haujafika nusu, sauti ilikatika. Kikafuata kikohozi kisichotaka kuisha.

Alingoja vicheko. Hakuna aliyecheka.

Baba yake akaichukua simu, akatoka nayo nje.

"Mwanangu," alisema taratibu, "ni gari gani hilo linalokula mapafu?"