Bibi Vibanio na mjukuu wa Jumapili

Saa moja asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mwanamke ambaye wenzake wanamwita Bibi Vibanio anavuta shuka kutoka kwenye mashine, analikung'uta, analitundika, halafu anabana kikaratasi pembeni yake kwa kibanio chekundu. Midomo inamchezacheza.

“Sábana blanca,” ananong'ona. Shuka jeupe.

Suruali ya daktari inapata kibanio cha bluu: pantalón blanco. Weupe ni uleule, ila mkia wa neno umebadilika. Kwa Kihispania, anaeleza, kila kitu ni cha kike, kibanio chekundu, au cha kiume, kibanio cha bluu, na sifa inafuata kitu chake.

“Hilo halikunishinda. Hata sisi tunasema shuka jeupe, kitambaa cheupe. Walionishinda ni wao wenyewe. Shati, eti la kike. Gauni, la kiume! Nikasema jamani, huko nani anavaa nini?”

Anacheka, mara kicheko kinakatika. Hakuingia kwenye lugha hii kwa kujifurahisha.

Binti yake wa pekee alikwenda ng'ambo kutafuta kazi, akaolewa huko, akazaa mtoto wa kike. Mwaka juzi aliugua, akafa, akazikwa hukohuko. Mama mtu aliyaangalia mazishi kwenye simu, amekaa juu ya furushi la mashuka machafu, kwa kuwa mshahara wa dobi haugusi hata nusu ya nauli ya ndege.

Aliyebaki ni huyo mjukuu. Kila Jumapili mkwe hupiga simu ya video. Zamani binti ndiye aliyekuwa akitafsiri. Alipofariki, bibi na mjukuu wakabaki kutazamana.

“Ananiambia ‘hola, abuela’, yaani hujambo bibi. Namjibu, basi, tumemaliza. Anaondoka zake kucheza. Inauma, mwanangu, usione nacheka.”

Mkwe naye akatuma ujumbe uliotafsiriwa na simu: mtoto anachoka, pengine simu hizi ziachwe. Ndipo Bibi Vibanio alipoanza kusikiliza masomo ya wanaoanza, kidude cha simu sikioni, mikono ndani ya povu.

“Nilitaka kitu kimoja tu. Nimwambie mama yake alikuwaje.”

Alitunga sentensi yake kwa wiki kadhaa. Sifa zote akaziandika bila mkia, akazibana kwa vibanio vyekundu, maana mama ni mwanamke. Lakini Ijumaa nguo za chumba cha upasuaji zilifurika, na Mama Pasi, mwenzake wa kunyoosha nguo, akapungukiwa vibanio. Akaving'oa vyote. Alipomaliza, akavirudisha vikaratasi ovyo ovyo, kwa vibanio vya bluu.

“Mimi nilidhani ni urembo,” anajitetea Mama Pasi. “Ningejuaje?”

Jumapili hiyo Bibi Vibanio akavifuata vibanio, akamwambia mjukuu kwamba mama yake alikuwa alto, flaco, terco: mrefu, mwembamba, mbishi. Yote kwa maneno ya mwanamume.

Mtoto akaangua kicheko. “¡Alta, abuela! ¡Flaca!”

Akasogeza uso kwenye simu mpaka bibi akaliona pengo la jino. Akamsahihisha neno moja moja, bibi akifuatisha. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, mtoto hakuondoka.

Kisha akasema polepole: “No me acuerdo de ella.”

Simkumbuki.

“Siku zote akisema kitu naambulia patupu,” anasema Bibi Vibanio, akikunja shuka ambalo lilishakunjwa. “Hilo nililielewa lote. Hakuna aliyenitafsiria. Uwii, bora ningebaki sijui.”

Alimjibu nini?

“Nilikuwa sijafika kwenye somo hilo. Baba yake akaja kuichukua simu.”

Mama Pasi sasa hagusi vibanio hivyo; akipungukiwa, anatundika nguo zake kwenye migongo ya viti. Bibi Vibanio amerudi kwenye masomo, na asubuhi hii kuna kikaratasi kipya kwenye kamba: pelo negro. Nywele nyeusi. Kibanio cha bluu, amekihakikisha mara mbili.

“Kumkumbuka hatamkumbuka, hilo nimeshalikubali,” anasema. “Lakini nitamjulisha. Jumapili hii nywele zake. Ijayo sauti yake. Mpaka siku moja mtoto aniambie, aa, abuela, hiyo umeshanisimulia.”