Masafa ya Upana wa Barabara

Ofisi ya elimu ya masafa iko ghorofa ya kwanza ya chuo, na dirisha lake linatazama barabara. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha fundi cherehani. Ukipiga chafya ofisini, fundi anakuitikia "afya" huko huko aliko. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuwahi kuliona hilo, naye ni mratibu wa ofisi yenyewe.

Watu humwita Bwana Masafa, na jina halimuudhi. Ana shahada, ana tai, na ukutani ana ramani yenye pini nyekundu kila mahali anapoamini elimu imefika. Kazi yake ni kupanga namna masomo yatakavyomfikia mtu asiyeweza kufika chuoni. Anaifanya kwa bidii. Vikao vya kupanga hufanyika chuoni, na wanafunzi wa mbali huombwa kuhudhuria wenyewe. Nywila ya kuingilia masomo ya mtandaoni hutolewa ana kwa ana, asubuhi tu. Anayeishi mbali sana anashauriwa aje jana yake.

Fundi cherehani ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Chuo cha ufundi cha jirani kilikuwa kinamtaka akafundishe ushonaji, ila sharti awe na cheti cha ualimu. Kukaa darasani mchana hawezi. Ana nguo za watu, na ana mama aliyepooza miguu, ambaye anamlisha na kumgeuza pale pale nyuma ya kibanda. Kama elimu ya masafa ilibuniwa kwa ajili ya mtu yeyote duniani, ilibuniwa kwa ajili yake. Akavuka barabara, akapanda ngazi, akaomba nafasi.

Bwana Masafa alimsikiliza, akatazama ramani, akatikisa kichwa. Kanuni aliyoitunga mwenyewe ilitaka mwanafunzi wa masafa awe na masafa.

"Wewe uko karibu mno," alisema. "Hata nikikutupia kitabu kitakufikia."

"Basi kitupe, shemeji."

"Kazini sina shemeji."

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yake. Mkewe alimpokea kwa upole wa kutisha, akampakulia chakula, kisha akamweleza kwamba kama kazini hana shemeji, basi na nyumbani asijihesabu kuwa ana mke.

Mwenye shida hachoki njia. Fundi aliomba tena, safari hii kwa anwani ya kaka yao, dereva wa lori anayeishi mji wa mpakani. Bwana Masafa alijua fika ile ni anwani ya nani, lakini ilikuwa ya mbali, na kanuni ilikuwa imeshiba. Akachomeka pini mpya kwenye ramani, akasimama kuitazama kama mtu aliyepanda mti.

Tangu hapo vitabu vya fundi vilipakiwa garini mbele ya kibanda chake, yeye akivitazama. Vilikwenda hadi mpakani, kaka akavipokea, akavirudisha kwa lori. Fundi alisema vikimfikia huwa vimechoka kuliko yeye. Ofisini hakuna aliyecheka. Sisi tuliosoma tuna ugonjwa huo: upuuzi ukishapigwa muhuri, tunausimamia kwa heshima.

Mambo yaliharibika kwenye mtihani wa mwisho. Kituo cha mtihani hupangwa kwa anwani, kwa hiyo fundi akapangiwa mpakani. Asipoufanya, anarudia mwaka mzima, na chuo cha ufundi kilikuwa kimekwisha sema hakitasubiri. Akapanda tena zile ngazi.

"Nikienda, mama abaki na nani?"

Bwana Masafa alisema kanuni haina kifungu cha mama.

"Basi nitamleta kwako. Akae wiki nzima."

Bwana Masafa alilegeza tai. Mama mkwe wake alipooza miguu, ulimi haukupooza. Akafungua kanuni zake upya, akazipekua kwa hamu ambayo hakuwahi kuwa nayo, hadi akakuta kwamba mtahiniwa aliye mbali na kituo chake anaruhusiwa kufanya mtihani kwa simu, kamera ikiwa wazi. Alianza kusikitika kwamba fundi yuko karibu.

"Karibu na wapi?" fundi aliuliza. "Kituo changu si kiko mpakani?"

Bwana Masafa akafikiri, akakubali. Kwa kanuni zake, hakuna mwanafunzi aliyekuwa mbali kuliko yule.

Siku ya mtihani fundi aliegemeza simu kwenye vibiringo vya nyuzi, akaandika majibu juu ya meza ya cherehani. Mama yake alikuwa kando, kwenye kiti chenye mito. Ghorofani Bwana Masafa alimsimamia kwenye kompyuta, ameligeuzia dirisha mgongo. Katikati ya mtihani mtandao ukakatika. Kioo kikaandika kwamba mtahiniwa hayupo, na kumuuliza msimamizi kama mtihani ufutwe.

Alingoja. Mtandao haukurudi. Mwishowe aliinuka, akafungua dirisha.

"Shemeji, mfumo unasema hupo."

Fundi hakuacha kuandika. "Na macho yako yanasemaje?"

Bwana Masafa akageuka kuitazama kompyuta, akageuka tena kumtazama fundi, kama mtu anayesuluhisha mashahidi wawili. Ndipo mama mkwe alipoinua uso kuelekea dirishani.

"Mkwe," alisema taratibu, kwa sauti iliyowafikia hata wapita njia, "mtihani ukifutwa, nitandikie kitanda."

Bwana Masafa alibeba kiti, akashuka ngazi, akavuka barabara, akaketi kando ya cherehani hadi fundi alipomaliza sentensi ya mwisho na kumkabidhi karatasi mkononi.

Fundi alifaulu, na leo anafundisha ushonaji. Kwenye taarifa ya mwaka Bwana Masafa alimtaja kama mkazi wa mpakani aliyehitimu bila kukanyaga chuo, na kikao kikampigia makofi marefu. Kisha akaomba idara inunuliwe kifaa kimoja cha kuboresha usimamizi wa mitihani, akapewa papo hapo.

Ni pazia. Zito, la kijani, na halipitishi mwanga hata jua likiwa utosini. Alilishona shemeji yake.