Siku Niliyoidanganya Moteri ya Baba

Mwezi uliopita nilipita Kingi, kijiji tulichoishi nikiwa mtoto, nikakuta pale palipokuwa na gereji ya fundi wetu pamelimwa viazi. Nilimwambia dereva wa teksi asisimame. Acha nikueleze kwa nini, maana jambo hili sijamsimulia hata mume wangu.

Baba alikuwa mmoja wa wafanyabiashara waliotoka pande za Butembo wakaja kufungua duka kwetu. Kila mwezi alijaza chumvi, sabuni na maharage katika kamionete yake, gari dogo la mizigo, akateremka Walikale hadi kwa wachimbaji wa dhahabu wa Omate, akarudi na mawese. Nilipokuwa na miaka tisa, jirani yetu, mchuuzi kama yeye, alishika njia hiyo hiyo, na wiki ya tatu ilikuwa inakwisha bila habari zake.  Mama alimenya viazi vya kutosha, kisha akaendelea kumenya vingine ambavyo hakuna wa kuvila. Viazi hivyo vilinitisha sana.

Moteri ya baba, yaani injini ya kamionete, nayo ilikuwa imeanza kuishiwa nguvu milimani. Baba akasema ataondoka kesho yake, mradi fundi aipime mgandamizo wa hewa na kuikuta nzima. Sasa fikiria mtoto aliyesikia hayo. Nilisali moteri iwe imeoza.

Fundi alikuja uani kwetu na vifaa vyake. Alikuwa na utaratibu wake, na ole wako umharakishe. Kwanza alilizungusha gari mtaani hadi moteri ikapata moto. Akachomoa waya wa umeme, akafunga njia ya esanse, akafungua bugi zote nne, zile plagi za moteri, harufu ya petroli ikajaa uani na kuufunika moshi wa jiko la mama. Kisha akafunga kipimo chenye mshale kwenye tundu la kwanza. Baba alishika ufunguo wa kuwashia. Mimi niliwekwa ukingoni mwa kiti, nikanyage pedali ya mafuta mpaka chini, ili moteri ivute hewa yake yote. Mguu ukiinuka, alisema fundi, mshale utasema uongo.

Kumbe alikuwa ananifundisha. Moteri ilipoanza kulia nga-nga-nga, nikainua mguu. Saba, wakati moteri nzima hupita kumi. Tundu la pili, saba. La tatu na la nne, saba. Baba akashika kichwa. Nilifurahi, nikainamisha uso wasiuone.

Fundi akachukua kopo la oili. Ukidondosha oili kidogo tunduni na mshale ukapanda, ni segma, yaani ringi za pistoni, zimechakaa. Usipopanda, tafuta kwenye supapu, vile vilango vya hewa. Lakini hakudondosha. Alilirudisha kopo chini, akautazama mguu wangu.

“Papa, ugonjwa haiingie mu nyumba ine siku moja, kipimo moja,” alimwambia baba, akionyesha matundu yote manne. “Moteri iko muzima. Mugonjwa njo huyu mutoto.”

Nilingoja kofi. Baba alizunguka gari, akachuchumaa mlangoni kwangu.

“Kama unaogopa, uniambie miye. Usidanganye moteri. Ile njo itanirudisha ku nyumba.”

“Usiende, Papa.”

“Kanyaga, mama yangu.”

Nikakanyaga. Kumi na moja na nusu. Kila namba nzuri ilimfungulia baba barabara, na aliyekuwa anaifungua ni mimi. Tundu la nne nilikanyaga huku nalia, na fundi akajifanya anapangusa bugi. Kilichoipunguzia moteri nguvu kilikuwa chujio la hewa lililojaa vumbi tu.

Baba aliondoka asubuhi. Kwa siku tisa kila gari lililopanda mlima lilinitoa ndani mbio, hata mkono ukiwa na ugali. Siku ya kumi alirudi, amekonda kwa malaria, na mawese yake. Jirani hakurudi kamwe.

Vita vilipokuja fundi alikimbia, hatujui alikoishia. Baba yuko Goma, mzee, na kamionete ilibaki njiani. Mume wangu naye ni dereva wa njia ya Walikale. Magari anayoendesha yanapimwa na watu nisiowajua, na mimi kazi yangu ni kushika simu isiyo na mtandao. Huwezi kuamini, lakini hata ule uoga wa Kingi naukumbuka kwa hamu, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeacha shughuli zake akachuchumaa kuusikiliza.

Jana asubuhi mume wangu aliondoka tena. Nilimfungia chakula, akasema gari ni zima, nikajibu safari njema. Kwamba naogopa, sikumwambia.