Mashine Nyekundu na Mashine ya Buluu

Waume wa wenzangu walibishana mpira. Wangu alibishana injini. Kila jioni pale Heru Juu, Kasulu, alitoa kiti barazani, mchungaji wa kanisa, jirani yetu, naye akaja na chake, wakaanza: kati ya injini ya Kijapani na ya Kichina, ipi ya kuaminika? Nimeona kesi za mashamba zikiisha haraka kuliko ile.

Mume wangu alikuwa bwana shamba wa serikali, Mpare wa Same, na kama unawajua Wapare sina haja ya kukueleza habari za ubishi. Mimi ni Msambaa, nesi wa zahanati. Tulipangiwa Kibondo kwanza, halafu mwaka 2013 tukahamishiwa Kasulu, na tulipohama jenereta yake nyekundu ya Kijapani ndiyo iliyopakiwa kwanza kwenye lori. Kitanda kikafuata, na mimi nikafuata kitanda.

Umeme ulikuwa haujafika kwetu, kwa hiyo jenereta haikuwa pambo. Nyekundu ukivuta kamba mara moja inaitika. Ya mchungaji, ya buluu, ya Kichina, ilitaka kubembelezwa. Aiinamishe upande mmoja juu ya jiwe lake maalumu, achomoe plagi aifute kwa pindo la shati, aombe, ndipo avute. Akivuta bila kuomba haiwaki. Akiomba pia, siku nyingine haiwaki.

"Mchungaji, hiyo si mashine, hiyo ni mgonjwa," mume wangu alimwambia.

"Oya, oya, Bwana Shamba!" Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye ni raia kama sisi, lakini akikataa jambo alilikataa kwa Kirundi. "Yako ikifa, spea utaipata wapi? Dar es Salaam! Yangu, hata muuza chumvi sokoni anauza kabureta yake."

"Anaiuza kwa sababu kila siku mnainunua!"

Basi wanacheka, na mimi ninayepika nacheka jikoni. Mume wangu alizungumza kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto, kwa kuwa alikuwa hasikii vizuri. Miaka mingi alikagua mashine za kusaga na pampu za maji bila kuziba masikio, hadi sikio la kushoto likafa kabisa na la kulia likawa linasikia kwa kuchagua. Injini aliipima kwa mkono: anaweka kiganja juu ya tangi, anafumba macho, anakwambia ina ugonjwa gani.

Sasa, Mungu ana utani. Mtu huyo alipewa binti mmoja tu, na binti huyo toka utotoni anaongea kama kuna mtoto mchanga amelala chumbani. Kati ya hao wawili mkalimani nilikuwa mimi. Mtoto ananong'ona, "Mama, mwambie baba nimefaulu," nami nampigia baba kelele, "AMEFAULU!" Mtoto akiumwa, akitaka viatu, akipata mchumba, yote yalipita kinywani mwangu. Mchumba mwenyewe kazi yake iko Mtwara. Mtwara! Ukitoka Kasulu uende mbali zaidi ya hapo, utaingia baharini.

Tukaandaa sendofu. Kwenye sherehe hiyo ya kumuaga, binti hupiga magoti mbele ya wazazi, anashika maiki, anawashukuru. Mume wangu alikodi spika mjini, mbili, kubwa, za kutisha ng'ombe. Nikamuuliza anataka kuhubiria wilaya nzima?

"Mama watoto," akasema, na mara hii hakupiga kelele, "anakwenda mbali. Siku hiyo nataka nimsikie mwenyewe. Si kwa mdomo wako."

Nilicheka, lakini iliniuma. Alikuwa na haki, na ndiyo maana iliniuma.

Wiki ileile ya sherehe akaja mtu kutoka Kibondo. Mzazi wa aliyekuwa mfanyakazi mwenzake amefariki, wanaomba ile nyekundu. Na hapa ndipo utajua hasara ya kuwa na kitu cha kuaminika: si chako. Misiba, harusi, mikutano ya kijiji, wote walikuwa wakija kwetu. Ile ya buluu sikuwahi kuona mtu akiiazima. Ilikaa kwake mwaka mzima, imetulia, inapumzika.

"Mwambie hapana," nilisema.

"Huu ni msiba. Nitamwambiaje mfiwa hapana?"

"Mwambie una binti!"

"Wataileta Ijumaa. Sherehe ni Jumamosi."

Mpare akishasema, kesi imefungwa. Jenereta ikapandishwa juu ya basi, ikaenda zake. Ijumaa basi likarudi na magunia ya maharage, na kuku, na vumbi la Kibondo lote. Jenereta hakuna. Tukapiga simu: maziko yamesogezwa, kuna mtoto wa marehemu yuko safarini, wanamsubiri. Tungesema nini? Na hatukuwa tumetafuta nyingine ya akiba, maana nani anatafuta akiba ya kitu ambacho hakijawahi kugoma? Mume wangu alikaa barazani, mikono magotini, hakubishana na mtu.

Jumamosi asubuhi mchungaji akaja amevaa suti, anasukuma baiskeli, na kwenye keria amefunga ile ya buluu. Jiwe lake pia alilileta. Nilimwomba Mungu asiseme neno, na kweli hakusema. Aliinamisha, akachomoa, akafuta, akaomba, akavuta. Ikawaka, ikitikisika yote. Mume wangu akaweka kiganja juu ya tangi.

"Inaumwa," akasema.

"Inaumwa, lakini imekuja," mchungaji akajibu.

Haya, sherehe ikaenda. Wakwe walikula, ndafu ilikatwa, mshereheshaji alitoa vichekesho vyake vilevile. Kiti cha mume wangu kiliwekwa ubavuni mwa spika, sikio la kulia limeelekezwa huko. Zamu ya binti ikafika. Akapiga magoti na gauni lake, akashika maiki, akasema, "Baba."

Alisikia! Niliuona uso wake ukifunguka. Halafu kule nyuma ya nyumba injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima.

Mwanangu midomo inaendelea, sauti hakuna. Mchungaji anavuta kamba, suti imelowa jasho. Watu wanapiga mluzi. Mume wangu akanigeukia, kama miaka yote. "Amesema nini?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kupaza sauti, ndiyo kazi yangu. Mwanangu akanitazama, akatikisa kichwa. Akaweka maiki chini, akasogea kwa magoti hadi kwenye kiti cha baba yake, akalizungushia lile sikio la kulia mikono yake yote miwili, akasema.

Alisema kwa muda mrefu. Hata kina mama waliokuwa wanagombea nyama walinyamaza. Mume wangu alifumba macho, akawa anaitikia kwa kichwa, kidogo kidogo, na machozi yakamshuka hadi kwenye tai. Siku ya kumzika baba yake huyu mtu hakulia. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na pumzi yangu kifuani, sina pa kuipeleka.

Walipomaliza tu, ile takataka ya buluu ikavutwa mara moja tu ikawaka, kama haikufanya kitu, muziki ukalipuka, na mchungaji akaruka juu: "Imana ishimwe! Mungu asifiwe!"

Jioni, wageni walipoondoka, niliinama kwenye sikio la kulia nikamuuliza, "Alikwambia nini?"

"Eeh?"

"MTOTO! ALISEMA NINI?"

"Sikusikii, mama watoto."

Nimempigia simu mwanangu Mtwara, ananong'ona, "Muulize baba." Nikamuuliza tena baba, kwa upole, kwa ukali, kwa chai ya tangawizi. Sikio lile lilisikia mnong'ono katikati ya watu wote wale. Swali langu mimi, mpaka leo, halijalisikia.