Shoka la Baba na Picha ya Wazungu

Harufu ya dizeli hunirudisha kijijini kwetu Lionja hadi leo. Miaka ile ya hamsini mwanzoni, baba alikuja nayo nguoni kutoka mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea, ikachanganyika na moshi wa korosho alizochoma mama uani, nami nikajua yupo nyumbani. Lakini kiangazi kimoja nilianza kuiogopa, maana kila ilipoingia mlangoni mama aligeuza uso. Kihenge chetu kilikuwa kimeanguka wakati wa masika, baba akiwa huko kwenye matrekta yake, mahindi yakalowa yakaoza, na mama akamwambia mbele za watu kwamba kivuli cha mbaazi kina faida kumshinda yeye. Baba aliinama akazoa mahindi yaliyooza. Tangu siku hiyo walizungumza kwa kunituma mimi. “Somoe, mwambie baba yako maji ya kuoga tayari.” “Mwambie mama yako nimesikia.” Nilisimama katikati yao, chumba kimoja, nikirudia maneno waliyokwisha kuyasikia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo ndio nilioungoja kwa hofu.

Kwetu Wamwera mume ndiye aliyehamia kwa mke. Nyumba ilikuwa ya mama, shamba la mama, na wajomba zangu walituzunguka pande zote. Baba alikuja na shoka lake, akalichomeka paani juu ya mlango, na mwanamume akiacha ndoa alichukua hilo tu akaenda zake. Basi kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nilitazama juu ya mlango. Mpini ukiwepo, nilikwenda kunawa. Nilikuwa nimemsikia mjomba akimwambia mama, “Mwache abebe shoka lake, dada. Waume hawajaisha.”

Ndipo gari la sinema likaja Nachingwea, na kijiji kizima tukaenda kwa miguu. Baada ya magharibi walitundika shuka jeupe, wanawake tukakaa upande mmoja, wanaume upande wa pili. Ilikuwa picha ya Mzungu na mkewe, na mfasiri alitueleza kwa kipaza sauti. Mume alijificha nyuma ya gazeti kila mlo, mpaka siku moja mke akammiminia mchuzi ndani ya kofia, naye akaivaa bila kutazama. Tulicheka tukashika mbavu. Kisha yule mke akaanza kufungasha sanduku huku analia, na watu wakashangaa. Anakwenda wapi? Kwani nyumba si yake?

Mama yangu akasimama. “Keti, dada! Nyumba yako hiyo! Atoke yeye!”

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga, kwa sababu sauti ile niliijua, na haikuwa ya kumwambia Mzungu.

“Atoke aende wapi?” Baba huyo, kutoka upande wa wanaume. “Watoto wake si wamo humo?”

“Basi aseme! Mdomo wake wa kulia ugali tu?”

“Ameshasema sana moyoni!”

“Ya moyoni nani anayasikia?”

Watu walicheka hadi mfasiri akanyamaza, akawaacha Wazungu wachezeshe midomo. Nilijifunika kanga ya mama usoni. Niliamini ndoa imevunjwa hadharani, kwa kicheko. Mwisho wa picha ile siujui mpaka leo.

Asubuhi shoka halikuwepo. Nilimkimbilia mama, naye alikuwa anapeta mtama. “Nimeona,” alisema, wala hakuinua macho. Nikakimbilia porini nikilia, nikifuata mlio wa kukata, na nikamkuta baba amesimama katikati ya nguzo alizokata za kihenge kipya, jasho linamtoka.

“Mwambie mama yako...” alianza, kisha akalaza shoka chini. “Hapana. Nitamwambia mwenyewe.”

Mimi niliolewa Dar es Salaam, nikahamia kwa mume, kama wafanyavyo wengi siku hizi. Sebuleni tulikuwa na televisheni nzuri, na kila jioni tuliketi kiti kimoja tukitazama wake na waume wa watu wakigombana na kupatana. Miaka yote ile hakuna kati yetu aliyewajibu neno. Siku mume wangu alipoondoka na begi lake, tamthilia ilikuwa inaendelea, nami nilikuwa naitazama. Juu ya mlango wetu hapakuwa na shoka, kwa hiyo sikuwahi kuinua macho.